Kopo la Kulinda Gegedu: Miezi Sita na Vidonge vya Glukosamini

Kopo ni la plastiki nyeupe, lina vidonge 90, na kwa maelekezo ya kumeza vitatu kwa siku linatosha mwezi mmoja kamili. Nililipa shilingi 78,000 katika duka la dawa hapa Tanga, na kwa kuwa mtengenezaji anamtaka mtumiaji asikate tamaa kabla ya miezi sita, nilinunua makopo sita kwa nyakati tofauti, jumla shilingi 468,000. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu nimesoma lebo za makopo mengine yaliyopangwa kwenye rafu ile ile na kukuta kwamba viambato vyake havipishani sana. Tathmini hii kwa hiyo inahusu aina ya bidhaa, na hasa dai moja lililoandikwa kwenye karatasi ya Kiswahili ambayo msambazaji ameibandika ubavuni mwa kopo: kwamba vidonge hivi hulinda seli za gegedu dhidi ya msongo na kuziongezea uhai.

Nilivutwa na dai hilo kwa sababu mbili. Kwanza, nina umri wa miaka 57 na nimefundisha baiolojia nikiwa nimesimama kwa zaidi ya miaka 30, na picha ya eksirei ya goti langu la kulia ilisomwa kuwa daraja la pili katika mfumo wa Kellgren na Lawrence, ule unaotumika tangu mwaka 1957 kupima kiasi cha kulika kwa kiungo. Pili, makopo mengi ya namna hii huahidi "kurudisha mafuta ya goti", na hili ni la kwanza nililoliona likizungumzia seli. Mtaani tunasema goti limeisha mafuta, kana kwamba ni injini iliyovuja oili. Ukweli ni kwamba kinachoharibika hasa katika ugonjwa huu, unaoitwa ostioathritisi, ni gegedu linalofunika ncha za mifupa, na kabla gegedu halijalika, seli zinazolitunza huwa zimekwisha kuwa taabani kwa muda mrefu. Aliyeandika karatasi ile alijua anachokizungumzia, au alimwajiri mtu anayejua.

Nilimwuliza mfamasia, kijana niliyemfundisha kidato cha pili, ambaye aliniamkia kwa heshima zote kabla hata sijafika kwenye kaunta.

"Marahaba, mwanangu. Hili la seli umelithibitisha, au unauza tu?"

"Mwalimu, mimi nauza kinachotembea," akanijibu huku akicheka. "Hilo la seli nimekuachia wewe."

Nianze na yale mepesi. Kidonge ni kikubwa, karibu ukubwa wa kokwa la tende, na mtu mwenye shida ya kumeza itambidi akikate. Harufu yake ni ya dagaa waliokaa kwenye gunia, jambo ambalo si kasoro, maana kiambato chake cha kwanza ni glukosamini, na nyingi yake hutengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa. Mwenye mzio wa vyakula hivyo ajihadhari, na anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda azungumze na daktari kabla ya kununua, kwa kuwa kumekuwa na taarifa za damu kuwa nyepesi kupita kiasi pale viwili hivi vinapotumiwa pamoja. Kiambato cha pili, kondroitini, hutolewa kwenye gegedu la wanyama: ng'ombe, nguruwe au papa. Kopo langu liliandika wazi kwamba ni ya ng'ombe, na hilo ni la kupongezwa. Lile lililokuwa jirani yake liliandika "asili ya mnyama" na kuishia hapo, jambo ambalo kwa wateja wengi wa mji huu haliwezi kuachwa hivi hivi.

Kila kidonge kina miligramu 500 za glukosamini haidrokloridi na miligramu 400 za kondroitini, yaani miligramu 1,500 na 1,200 kwa siku. Vipimo hivi ni sahihi, na nitaeleza baadaye kwa nini usahihi wake una maana. Kuna pia kiasi kidogo cha manjano na madini ya seleniamu, ambavyo naona vimewekwa zaidi kwa ajili ya kurefusha orodha.

Sasa nije kwenye seli zenyewe, maana dai la karatasi haliwezi kupimwa bila kuzifahamu. Gegedu la goti lina aina moja tu ya seli, nazo ni chache mno. Huchukua asilimia chache tu ya ujazo wake, na sehemu nyingine yote ni maji, nyuzi za kolajeni na protini kubwa ya agrekani ambayo huyashika maji na kulifanya gegedu libonyee na kurudi. Hakuna mshipa wa damu unaofika humo, wala neva, na oksijeni ni haba. Chakula cha seli hizo hupenya polepole kutoka kwenye ute wa goti. Hazigawanyiki kwa urahisi, na kolajeni inayozizunguka hubadilishwa kwa mwendo wa kobe, kiasi kwamba makadirio ya muda wa nusu yake kubadilika ni zaidi ya miaka 100. Maana yake ni kwamba seli ya gegedu hupewa kazi ya maisha yote na hakuna wa kumpokea zamu. Ikifa, chumba chake hubaki kitupu.

Seli iliyo katika hali hiyo huishi kwa uwezo wake wa kukabili misukosuko, na uwezo huo ndio wanaouita mwitikio wa msongo. Historia yake ilianza kwa bahati. Mwaka 1962 Ferruccio Ritossa, mtafiti wa Italia, aliripoti kwamba inzi wadogo wa matunda waliopata joto kupita kiasi walionyesha uvimbe mpya kwenye kromosomu zao, ishara kwamba jeni fulani zilikuwa zimeamka kwa sababu ya joto lile. Baadaye ikajulikana kwamba jeni hizo hutengeneza protini za walinzi, ambazo huzishika protini nyingine zisikunjike vibaya. Kutoka hapo yamegunduliwa maitikio mengine mengi, na katika gegedu nadhani matatu ndiyo yanayostahili kutajwa mbele ya kopo hili.

La kwanza linahusu karakana ya ndani ya seli, utando wa endoplazimu, ambako kolajeni na agrekani hukunjwa na kufungashwa kabla ya kutolewa nje. Goti linapoumia au kupata uvimbe, protini zisizokunjwa sawasawa hurundikana humo, na vitambuzi vitatu vilivyo kwenye utando, ambavyo wanasayansi huviita PERK, IRE1 na ATF6, hupiga king'ora. Seli hupunguza uzalishaji, huongeza walinzi na kuzitupa protini mbovu. Mpaka hapo msongo umeiokoa seli. Lakini king'ora kikilia siku nenda siku rudi bila karakana kusafishika, mfumo ule ule hugeuka, hupandisha kiwango cha protini iitwayo CHOP, na CHOP huisukuma seli kwenye kifo cha kujipangia, kile ambacho tangu mwaka 1972 kinaitwa apoptosisi. Panya waliozalishwa bila CHOP, walipoharibiwa goti kwa makusudi, walipoteza seli chache zaidi, na gegedu lao liliharibika polepole kuliko la wenzao. Hapa ndipo ninapoliona kosa la kwanza la karatasi ya msambazaji, ambayo inauandika msongo kama adui wa kufukuzwa. Mwitikio wa msongo ndio unaoiweka seli hai. Maangamizi hutokana na msongo usiokoma.

La pili ni otofajia, yaani seli kujila. Seli huzungushia utando sehemu zake zilizochakaa, mitokondria (mitambo ya nishati ya seli) zilizopasuka pamoja na protini zilizogandamana, kisha huzimeng'enya na kuzitumia upya. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuzifumbua jeni za kazi hiyo, naye alizifumbua kwenye hamira, ile ile inayoumua maandazi yetu, alipoinyima chakula na kuitazama kwa hadubini. Seli ya gegedu isiyoweza kuzaa mrithi inauhitaji usafi huu kuliko seli nyingi za mwili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika gegedu la wazee na la wagonjwa wa ostioathritisi, protini zinazoendesha otofajia zimepungua, na pale zilipopungua vifo vya seli vilikuwa vimeongezeka. Miaka miwili baadaye, panya waliodungwa rapamaisini, dawa inayoamsha otofajia, walipata uharibifu mdogo wa gegedu. Kabla mtu hajakimbilia kuitafuta, rapamaisini hupunguza kinga ya mwili, na hutumiwa na watu waliopandikizwa figo ili wasiikatae. Si dawa ya kumpa mtu kwa sababu ya goti.

La tatu ni msongo wa oksijeni kali zinazovuja kutoka kwenye mitokondria, hasa goti linapopata kishindo. Kishindo kimoja kikubwa, kama cha kuanguka kutoka kwenye pikipiki, kinaweza kuziua seli za gegedu kwa saa chache, na katika maabara sehemu ya vifo hivyo imezuiwa kwa kuweka kemikali zinazomeza oksijeni hizo mapema. Seli ambazo hazikufa zinaweza kuzeeka kabla ya wakati wake: hazigawanyiki, hazifi, nazo humwaga vimeng'enya vinavyokata kolajeni na agrekani ya majirani. Ndiyo sababu hesabu ya waliokufa peke yake haielezi ugonjwa. Baadhi ya vipimo vya miaka ya 1990 vilidai kwamba karibu nusu ya seli za gegedu gonjwa ziko njiani kufa, na vingine vilivyofuata vikasema hata asilimia moja hazifiki. Tofauti hiyo inanifanya niwe mgumu kumwamini muuzaji yeyote anayeahidi "kuongezea seli uhai" bila kusema ni seli zipi na uhai wa namna gani. Seli kongwe inayomwaga sumu ikiongezewa uhai, goti linapata hasara.

Wapo waliojaribu njia iliyo kinyume, ya kuziondoa hizo seli kongwe. Dawa iliyopewa jina la UBX0101 ilifanya vizuri kwenye magoti ya panya na kuchapishwa mwaka 2017, lakini mwaka 2020 ilipodungwa kwenye magoti ya binadamu haikupunguza maumivu kuliko sindano isiyo na dawa. Naitaja si kwa kuibeza, bali kwa sababu kampuni ile iliyafuata matokeo ya panya kwa jaribio la kweli la binadamu na ikakubali jibu hadharani. Kopo langu limeyachukua matokeo ya maabara na kuyaweka moja kwa moja kwenye rafu.

Je, kuna ushahidi kwamba glukosamini hugusa mambo haya? Upo, na sitaki kuudhulumu. Glukosamini imeonyeshwa kuamsha otofajia katika seli za gegedu zilizokuzwa kwenye visahani. Shida iko kwenye kipimo. Mtu akimeza miligramu 1,500, kiwango cha juu kinachofikiwa kwenye damu yake ni takriban mikromola 10 au pungufu, na kwenye ute wa goti hushuka zaidi. Majaribio mengi ya visahani hutumia milimola moja hadi kumi (milimola moja ni mikromola 1,000), yaani mara 100 hadi 1,000 ya kile kinachofika mwilini. Ni sawa na kujisifia ladha ya chai baada ya kuonja kikombe chenye kilo ya sukari, kisha kumtilia mgeni chembe moja. Tena kuna kinaya ambacho mtunzi wa karatasi angekijua asingelala: kwa vipimo vikubwa, watafiti wa seli za aina nyingine huitumia glukosamini hiyo hiyo kuusababisha msongo wa utando wa endoplazimu ili wapate kuuchunguza. Kitu kimoja, kwa kipimo kimoja kinatajwa kuwa ngao, na kwa matumizi mengine ndicho jiwe lenyewe.

Lililobaki ni swali la mgonjwa: goti linapoa? Hapa ndipo vipimo vya kopo vinapopata maana, kwa sababu miligramu 1,500 na 1,200 ndizo zilizotumika katika jaribio kubwa la Marekani lililoitwa GAIT, lililochapishwa mwaka 2006. Wagonjwa 1,583 wenye maumivu ya goti waligawanywa kwa kura katika makundi matano na kufuatiliwa kwa wiki 24. Kati ya waliomeza vidonge visivyo na dawa, asilimia 60.1 walipata nafuu, kati ya waliomeza glukosamini pamoja na kondroitini ni asilimia 66.6, tofauti ambayo haikutosha kutenganishwa na bahati, na waliomeza selekoksibu, dawa ya maumivu, walifika asilimia 70.1. Ni kweli kwamba katika kikundi kidogo cha wenye maumivu ya wastani hadi makali, mchanganyiko ulionekana kusaidia, asilimia 79.2 dhidi ya 54.3, na wauzaji huipenda sana takwimu hii, lakini haikuwa ndiyo shabaha kuu ya jaribio. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kilishauri kwa mkazo kwamba glukosamini isitumike kwa ostioathritisi ya goti.

Ninavutiwa zaidi na ile asilimia 60.1. Watu sita kati ya kumi walipata nafuu kwa kidonge kisicho na kitu. Kwa hiyo jirani anapokuapia kwamba kopo hili limemwinua kitandani, hasemi uongo, na wala hajathibitisha chochote.

Nami nimo katika hesabu hiyo. Niliandika kwenye daftari kila Ijumaa alama ya maumivu kuanzia sifuri hadi kumi, na pia kama niliweza kuswali nikiwa nimekaa chini au kwenye kiti. Nilianza na alama sita. Mwezi wa pili nilishuka hadi nne, nikafurahi, nikanunua kopo la tatu kwa moyo mmoja. Nilipolirudia daftari nikagundua kwamba wiki hizo nne zilikuwa za likizo, ambapo sikusimama darasani wala kupanda ngazi za ghorofa ya pili mara sita kwa siku. Shule ilipofunguliwa nilirudi kwenye tano na nusu, na kopo la sita liliniacha pale pale. Tumbo lilinisumbua kwa wiki ya kwanza tu, likatulia.

Kisha nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Alinipangia vikao vinane, kila kimoja shilingi 25,000, jumla 200,000, chini ya nusu ya gharama ya makopo. Mazoezi yenyewe hayana mbwembwe: kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, kunyoosha mguu na kuushikilia hewani, kupanda kipandio kimoja na kushuka taratibu. Nilitegemea misuli ya paja iimarike, na imeimarika. Nisilolitegemea ni kukuta kwamba zoezi lina hoja nzuri zaidi ya kiseli kuliko kopo. Gegedu likibonyezwa na kuachiwa kwa kiasi, ute huingia na kutoka, na seli isiyo na mshipa wa damu hupata chakula chake. Zaidi ya hapo, seli za gegedu zinapovutwa kwa upole na kwa mpigo katika maabara, huitikia kidogo zaidi zile ishara za uvimbe ambazo huamsha vimeng'enya vya kulila gegedu. Zikivutwa kwa nguvu kupita kiasi, huzizalisha ishara hizo zenyewe. Msongo mdogo wenye mapumziko huizoeza seli, na mkubwa usiokoma huimaliza, jambo linalolandana kabisa na habari ya kile king'ora cha karakana. Uzito nao una hesabu yake: utafiti wa mwaka 2005 ulikadiria kwamba kila kilo moja mtu mnene anayoipunguza hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Mimi nimepunguza kilo tatu, na sijui kitambi cha mwalimu kilikuwa kinangoja nini siku zote hizo.

Baada ya miezi mitatu ya mazoezi daftari linasoma alama tatu, shule ikiwa imefunguliwa na ngazi zikiwa zile zile. Ninaswali chini rakaa zote isipokuwa siku za mvua nyingi, ambazo goti langu hudai kuzitambua mapema. Mimi ni mtu mmoja na daftari moja, na sehemu ya nafuu hii huenda ni ya yule mtaalamu aliyekuwa akinisikiliza kwa nusu saa nzima. Lakini mazoezi yamependekezwa kwa mkazo na mwongozo ule ule wa mwaka 2019 ulioikataa glukosamini.

Kwa anayetaka kujaribu kopo hata hivyo, asiye na mzio wa kamba wala hatumii warfarini, bidhaa hii kwa kiasi kikubwa ni salama, na aliyenunua miezi mitatu bila mabadiliko hana sababu ya kununua wa nne. Asiache mazoezi kwa ajili yake, na asimeze pamoja na diklofenaki ya kila siku akidhani kimoja kinafuta madhara ya kingine kwenye figo na tumbo, kwa sababu hakifuti.

Naipa nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya vipimo, ambavyo vimewekwa kwa uaminifu kulingana na jaribio halisi, na nyingine ni ya kuandika wazi kwamba kondroitini yake imetoka kwa ng'ombe. Karatasi ya ubavuni haikupata kitu, na nimemwambia kijana wangu wa duka la dawa kwamba akiibandua, mimi mwenyewe nitamwandikia nyingine ya kuweka mahali pake, yenye mchoro wa kiti na maelezo ya jinsi ya kuinuka bila kushika.